Siku Saba Kati ya Kitengela na Dar es Salaam: Kupima Nchi Mbili Kabla ya Kuhama

Mwezi wa Julai mwaka 2025 nilipata barua mbili za ajira kutoka Tanzania, moja ya shule ya kulipia iliyo nje kidogo ya Arusha na nyingine ya shule iliyoko Dar es Salaam, zote zikihitaji mwalimu wa hisabati kuanzia Januari. Zilinikuta katika wakati mgumu. Saluni ya mke wangu hapa Kitengela, Kenya, ilikuwa imefungwa tarehe 25 Juni na tena tarehe 7 Julai kwa sababu ya maandamano na vurugu za barabarani, na mshahara wangu ulikuwa ukipungua kabla haujanifikia. Kati ya shilingi 60,000 za Kenya ninazoandikiwa, 3,600 huenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 1,650 bima ya afya ya SHIF, 900 tozo ya serikali ya nyumba nafuu, na zaidi kidogo ya 8,500 ni kodi ya mapato. Kinachobaki ni 45,300. Tukakubaliana nitumie likizo ya Agosti kwenda kuona kwa macho, niandike kila senti, kisha turudi mezani. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari, picha za simu na risiti.

Siku ya kwanza, Jumatatu 18 Agosti: Kitengela hadi Arusha

Niliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kupanda matatu ya Namanga kwa shilingi 500. Isinya, Kajiado na Ilbisil zilipita haraka. Barabara ni nzuri na asubuhi hiyo ilikuwa na baridi kali. Ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo mengine ila mpira, kwa kuwa jana yake Harambee Stars walikuwa wameifunga Zambia bao moja kwa bila katika mashindano ya CHAN, ambayo Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa kwa pamoja.

Kituo cha pamoja cha mpakani Namanga kimerahisisha mambo: unaelekea jengo lililo upande wa nchi unayokwenda, na humo humo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Mimi nilimaliza kwa dakika 25. Kwa atakayepita njia hii, kitambulisho cha taifa kinachotosha kwenda Uganda au Rwanda hakitoshi kuingia Tanzania, kwa hiyo beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo mimi niliulizwa kabla ya pasipoti.

Kosa langu la siku hiyo nililifanya nje ya geti. Nilibadilisha shilingi 5,000 kwa kijana aliyesimama kando ya barabara, tukapatana shilingi 19 za Tanzania kwa moja ya Kenya, naye akanihesabia noti mbele ya macho yangu. Nilipozihesabu tena ndani ya Noah, gari dogo la abiria, ya kwenda Arusha, nilikuta 85,000 badala ya 95,000. Mzee aliyekaa kando yangu aliniona nikirudia kuhesabu, akauliza kuna nini, nikamweleza. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, na tulipofika Longido gari liliposimama kidogo, akashuka na kurudi na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Alikataa katakata kurudishiwa pesa yake. Badilisha benki au kwenye duka la fedha lililosajiliwa, hata kama foleni ni ndefu.

Mzee huyo alikuwa kijana wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikafunga mpaka. Alinionyesha kwa mkono vilima vya upande wa kaskazini, akasema dada yake alikuwa ameolewa ng'ambo hiyo, na hawakuonana kwa njia halali hadi mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983. “Mwanangu,” aliniambia, “hizi nchi hugombana kama mawifi, lakini maji wanachota kisima kimoja.” Nauli ya Noah ilikuwa 10,000. Utingo, ambaye hakuwa zaidi ya miaka ishirini, aliniamkia shikamoo nilipokuwa nikishuka. Nina umri wa miaka 43 na hakuna kijana wa stendi aliyewahi kuniamkia hivyo Nairobi, na nakiri kwamba neno hilo dogo lilinilainisha moyo kuliko ilivyopaswa kwa mtu aliyekwenda kupiga hesabu.

Siku ya pili, Jumanne 19 Agosti: shule na nyumba, Usa River

Mkuu wa shule alinipokea vizuri na kuniweka wazi. Mshahara ni shilingi 1,500,000 za Tanzania kwa mwezi. Nilikaa kwenye benchi chini ya mti wa jakaranda na kufanya hesabu: asilimia 10 ya NSSF ni 150,000, kodi ya mapato kwa kiasi kinachobaki ni 233,000, hivyo mkononi 1,117,000, ambazo kwa kiwango cha 19 ni kama shilingi 58,800 za Kenya. Ni zaidi ya ninachopata sasa kwa 13,000 na ushei. Nilimtumia mke wangu picha ya ukurasa huo, akajibu kwa neno moja: “Endelea.”

Mkuu alinieleza pia kwamba mwombaji wa kibali cha kazi ni mwajiri, si mimi. Kibali hicho hutolewa na mamlaka ya kazi, ilhali kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Kwa sheria ya mwaka 2015 kibali cha kazi hakizidi miezi 24, huweza kuongezwa, lakini kwa jumla kina ukomo wake. Maana yake ni kwamba hata mambo yakienda sawa, mwalimu wa kigeni anapanga maisha ya miaka michache, hapangi ya kustaafu. Niliuliza kuhusu familia. Alisema mke na watoto huingia kwa hati ya mtegemezi. “Na mke wangu akitaka kufanya kazi yake?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema hati hiyo haimruhusu kufanya kazi.

Mchana dalali alinichukua kwa bodaboda kuona nyumba. Alitoza 10,000 ya kunizungusha, na nikipata nyumba nitamlipa kodi ya mwezi mmoja. Ya tatu ndiyo iliyonipendeza: vyumba viwili, sebule, jiko la ndani, maji ya bomba, uzio, na luku inayojitegemea, yaani kila mpangaji ana mita yake mwenyewe ya umeme. Kodi ni 250,000, karibu shilingi 13,000 za Kenya, wakati Kitengela nalipa 18,000 kwa nyumba isiyo na hata mche wa mchicha mlangoni. Kutoka kwenye baraza Mlima Meru ulionekana wazi hadi kileleni.

Mama mwenye nyumba alikuwa mkarimu na alipenda kueleza mambo kwa ushahidi. Nilipouliza gharama ya umeme, aliingia ndani akaja na ujumbe wa luku kwenye simu: 20,000 zilikuwa zimempa uniti 56. Kwetu shilingi 1,000, ambazo ni karibu thamani hiyo hiyo, hunipa uniti thelathini na kitu. Kisha akaniambia masharti: kodi hulipwa miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ni 1,500,000, na ukijumlisha ya dalali ni 1,750,000 kabla sijanunua hata ufagio. Mkenya aliyezoea kulipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja ajipange mapema, kwa maana wengine hudai mwaka mzima, na ombi la kulipa kwa miezi mitatu hukubaliwa tu pale mwenye nyumba anapokuamini.

Siku ya tatu, Jumatano 20 Agosti: saluni ya Arusha

Asubuhi nilizunguka sokoni Kilombero. Mchele mzuri wa Mbeya niliuziwa 2,800 kwa kilo, sawa na shilingi 147 za Kenya; mchele huo huo ndio tunaoununua Kitengela kwa 180, kwa kuwa umepita Namanga kama mimi nilivyopita. Vitunguu na machungwa ni hadithi hiyo hiyo. Mtu akikwambia Tanzania chakula ni rahisi, ni kweli, na sehemu ya tofauti hiyo ni nauli ya lori na faida ya watu walio katikati.

Lakini safari nzima iligeukia mahali pengine. Mke wangu alikuwa amenipa namba ya msusi mmoja Mkenya, rafiki wa rafiki, anayemiliki saluni ndogo Arusha. Nilimkuta amesimama nyuma ya kiti, akimsuka mteja rasta nyembamba, vidole vikienda bila yeye kuvitazama. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, ilining'inia leseni yake ya biashara. Alipomaliza mstari mmoja wa nywele alifuta mikono, akaishusha fremu ukutani na kunipa niisome mwenyewe. Kidole chake kilikuwa juu ya tarehe ya mwisho: Desemba.

Wasomaji wengi watakuwa wamesikia kuhusu amri iliyotolewa na serikali ya Tanzania tarehe 28 Julai 2025, inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, uongozaji wa watalii, udalali, ununuzi wa mazao shambani, na saluni, isipokuwa ile iliyo ndani ya hoteli au ya kuhudumia watalii. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa vibali. Raia anayemsaidia naye ana adhabu yake, faini ya milioni 5 au miezi mitatu. Mwenye leseni anaruhusiwa kuendelea hadi muda wake uishe, lakini haihuishwi.

“Kaka, nimekaa hapa miaka sita,” alisema. “Hawa wasichana watatu unaowaona ni Watanzania, nimewafundisha kazi mwenyewe. Januari sijui watakwenda wapi, wala mimi sijui nitakwenda wapi.” Mmoja wa wasichana hao alikuwa akichana nywele bandia, na aliposikia hivyo aliacha kuchana.

Nisingependa kusimulia upande mmoja. Mteja aliyekuwa kitini, mama wa Kichaga mwenye duka la vitambaa, alisikiliza yote kisha akaeleza kwa utulivu kwamba amri haikuletwa kwa sababu ya msusi huyu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wageni wenye mitaji mikubwa wameingia hadi kwenye rejareja, wakiuza bidhaa za mkononi ambazo ndizo riziki ya mwananchi wa chini. “Nyavu imetupwa kwa papa,” alisema, “ikanasa na dagaa.” Nilimuuliza kama yeye angekubali msusi wake aondoke. Akasema hapana, na akaongeza kwamba hata hivyo anaiunga mkono serikali. Nilimwelewa. Mtu anaweza kuwa na mambo hayo mawili kifuani kwa wakati mmoja.

Nilimpigia mke wangu simu ya video nikampa msusi waongee. Waliongea dakika arobaini. Mimi nilitoka nje nikaenda kwa miguu hadi makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, nikasimama mbele ya bendera za nchi wanachama wanane. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na Ibara yake ya 13 inazungumzia haki ya raia wa nchi mwanachama kuanzisha shughuli ya kiuchumi katika nchi nyingine. Kutoka ilipo saluni ile hadi hapo ni mwendo wa chini ya nusu saa. Nilihisi uchungu ambao sikuutarajia.

Siku ya nne, Alhamisi 21 Agosti: Arusha hadi Dar es Salaam

Basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, nauli 38,000. Ni safari ya kutwa nzima, na sehemu kubwa ya uchelewaji inatokana na vibao vya kilomita 50 kwa saa katika kila kijiji, ambavyo madereva huviheshimu kwa sababu askari wenye tochi za kupima mwendo hawako mbali. Nililalamika kimoyomoyo hadi Same, halafu nikakumbuka jinsi mabasi yanavyokimbia barabara ya Mombasa, nikanyamaza. Mombo tulipewa dakika ishirini za kula. Wali na maharage kwa kuku nililipa 7,000. Baada ya hapo ni mashamba ya mkonge, Korogwe, Segera, Chalinze, na saa kumi na moja na nusu jioni tukaingia kituo cha Magufuli, Mbezi.

Chaji simu usiku kabla ya safari, na kama utahitaji laini ya Tanzania, isajili kwenye duka la kampuni ya simu ukiwa na pasipoti, kwa alama za vidole. Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Siku ya tano, Ijumaa 22 Agosti: Dar, na usiku wa mpira

Shule ya Dar inatoa 1,800,000, ambayo baada ya makato ni 1,306,000. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili maeneo ya Kimara ni 350,000, na mwendokasi, yaani basi la mwendo wa haraka, kutoka Kimara hadi Kivukoni ilikuwa shilingi 750, pesa ambayo Nairobi hainifikishi mbali. Asubuhi hiyo nilisimama mguu mmoja kwa saa nzima kwa jinsi basi lilivyojaa, lakini lilikuwa na barabara yake na lilikwenda. Kuhusu ardhi nilipata jibu lile lile nililolisoma nyumbani: asiye raia hawezi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, wakati Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mgeni kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Mimi nina kiwanja kidogo Isinya. Hapa ningekuwa mpangaji hadi siku ya kuondoka.

Jioni mwenyeji wangu, mjomba wa mke wangu, alinipeleka kwenye banda umiza la mtaani, kibanda cha kutazamia mpira. Kenya ilicheza kwanza na Madagascar, ikatoka sare ya bao moja kwa moja, kisha ikatolewa kwa penalti. Nilikuwa Mkenya peke yangu mle ndani. Watu ambao dakika chache kabla walikuwa wakinitania walinipa pole mmoja mmoja, na muuza kahawa akanijazia kikombe bila kudai hela. Baadaye usiku Taifa Stars walifungwa na Morocco moja kwa bila, katika uwanja ambao haukuwa mbali na tulipokuwa. Banda lilinyamaza kabisa. Sasa ikawa zamu yangu kutoa pole, na nilizitoa kwa moyo wote hadi tulipofika nyumbani.

Siku ya sita, Jumamosi 23 Agosti: Dar, Horohoro, Mombasa

Nililala sehemu kubwa ya njia hadi Tanga. Mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga ni mtulivu kuliko Namanga, na afisa aliyeigonga pasipoti yangu aliniuliza kama nimeipenda Tanzania. Nilimjibu kwamba nimeipenda, na nilisema kweli. Likoni niliteremka na kuvuka kwa kivuko, ambacho mtembea kwa miguu halipi chochote, nikala mahamri na mbaazi za shilingi 100 nikiwa nimesimama.

Siku ya saba, Jumapili 24 Agosti: reli hadi Athi River

Treni ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya njiani na ndiyo inayofaa kwa wakazi wa Kitengela, kwa kuwa unaweza kushuka Athi River badala ya kufika Syokimau na kurudi nyuma. Daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi lilikuwa shilingi 1,500. Yetu ilianza mwaka 2017 na inatumia dizeli; ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma mwaka 2024, inatumia umeme. Vijana wawili walibishana juu ya hilo kutoka Voi hadi Mtito Andei.

Mimi nilikuwa na daftari magotini. Nilikuwa nimejaza kurasa kumi na nne za bei, na karibu kila ukurasa Tanzania ilikuwa mbele: kodi, mchele, umeme, nauli, hata usingizi wa usiku. Hata hivyo, saluni ya mke wangu huingiza kati ya 28,000 na 35,000 kwa mwezi baada ya gharama, na nyongeza yangu Arusha ni 13,000, na Dar kama 23,400. Ukimtoa yeye kazini, hesabu haisimami, na hata ingesimama, nisingejua namna ya kumwambia mwanamke aliyeijenga kazi yake kwa miaka tisa akae baraza akitazama Mlima Meru. Kabla ya bei ya nyanya, mtu mwenye familia aulize kwanza kila mmoja nyumbani ataruhusiwa kufanya kazi gani, na aombe kuoneshwa kwa maandishi.

Saluni ilikuwa bado wazi nilipofika. Nilishusha begi, nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikamwambia nitaziandikia shule zote mbili barua za kuwashukuru. Aliitikia kwa kichwa, pini ikiwa mdomoni. Alipoitoa aliniambia kwamba msusi wa Arusha alikuwa amempigia asubuhi hiyo, akiuliza kodi ya kiti kimoja hapa ni kiasi gani kuanzia Januari. Kisha akanipa futi ya kamba, akaniomba nipime ile nafasi kati ya sinki na dirisha. Ni sentimita 140. Kiti kinaingia.